Kutembea, mpira wa kuvuta, yoga au taichi: mazoezi yapi kwa anayeishi na saratani?

Uchovu wa saratani haufanani na ule wa kutoka shamba. Wa shamba huisha ukilala. Huu huamka nawe asubuhi ukiwa umelala saa tisa nzima. Ndiyo maana yale maneno ya nyumbani, "Mama, wewe lala tu, kazi tutafanya sisi," ingawa yamejaa upendo, humrudisha mgonjwa nyuma. Msuli usiotumika huanza kupungua ndani ya siku chache, na mtu anayeshinda kitandani hufika mahali anahema kwa kwenda chooni tu.

Mwaka 2019 jopo la wataalamu lililoitishwa na American College of Sports Medicine lilitaja kiwango kinachopunguza uchovu, wasiwasi na huzuni kwa watu wenye saratani: mazoezi ya mwendo dakika 30 mara tatu kwa wiki, na ya nguvu mara mbili kwa wiki. Hapo ni pa kufika taratibu. Aliyetoka kwenye dripu ya kemo (tibakemikali) juzi aanze na dakika tano.

Utafiti wa CHALLENGE uliochapishwa mwaka 2025 ulifuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kupasuliwa na kumaliza kemo. Baada ya miaka minane, kati ya kila 100 waliofanya mazoezi kwa miaka mitatu chini ya msimamizi, takriban 90 walikuwa hai; kwa waliopewa kijitabu cha maelekezo pekee, takriban 83. Msomaji asiivute habari hii kupita ilipofika: ni saratani moja, na mazoezi yaliongezwa juu ya upasuaji na dawa. Kinyume chake kinajulikana pia. Uchambuzi wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa walioacha tiba ya hospitali na kushika tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu zaidi ya wenzao.

Kwa hiyo anayechagua aanze na mambo mawili: linalomsumbua zaidi, na lile ambalo mwili wake kwa sasa haulikubali. Jina la zoezi lije baadaye. Taichi na chigongi zilizomo kwenye jedwali ni mazoezi ya Kichina ya miondoko ya polepole.

| | Kutembea | Nguvu: mpira wa kuvuta, chupa, kiti | Yoga ya taratibu | Taichi na chigongi |
|---|---|---|---|---|
| Hufaa zaidi | uchovu, choo kigumu, moyo na mapafu | miguu iliyoisha nguvu, mifupa, bega baada ya upasuaji | usingizi, wasiwasi, viungo vilivyokaza | uchovu wakati wa tiba, kuyumba |
| Vifaa | viatu vya kufunika | mpira wa kuvuta au tyubu ya baiskeli, chupa, kiti cha mbao | mkeka, khanga mbili, mto | viatu bapa, ukuta karibu |
| Hatari kuu | jua, kuanguka kwa miguu yenye ganzi | uzito kuzidi, kubana pumzi | kukunja na kupinda mgongo dhaifu | magoti, mwalimu asiyejua ugonjwa |
| Kuanza | dakika 5, mara 3 kwa siku | marudio 5, siku 2 kwa wiki | dakika 15 kabla ya kulala | dakika 10 kila siku |

Kabla ya yote, soma karatasi ya damu

Wagonjwa wengi hupimwa picha kamili ya damu kabla ya kila mzunguko wa kemo, kisha karatasi hukaa ndani ya faili bila kuulizwa. Iulize. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chini ya 50,000 kwa mikrolita (kwenye karatasi nyingi huandikwa 50 tu), acha mpira na uzito, tembea na kunyoosha viungo. Zikiwa chini ya 20,000, baki na mwendo mwepesi wa ndani ya nyumba na usifanye lolote linaloweza kukuangusha. Hemoglobini ikiwa chini ya 8, muulize daktari kwanza. Moyo tayari unapiga mbio ukiwa umekaa. Chembe nyeupe zikishuka sana, zoezi la nyumbani linaruhusiwa, ila jimu, bwawa na mikusanyiko viachwe.

Homa ya nyuzi 38 kwa mtu aliye kwenye kemo ni safari ya hospitali, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo kifua kinachobana, ndama ya mguu mmoja iliyovimba na kuuma, au maumivu mapya ya mgongo yanayoandamana na miguu kulegea, ganzi ya makalio au mkojo kugoma. Hilo la mwisho huweza kuwa uti wa mgongo unaobanwa na uvimbe, na mara nyingi kinachoamua kama mtu atatembea tena ni saa zilizopita kabla hajaonwa.

Waliosambaziwa ugonjwa kwenye mifupa hawakatazwi mazoezi. Wanakatazwa kuubebesha mfupa ulioathirika. Mwenye doa kwenye nyonga aache kuruka na kusimama mguu mmoja, afanye zoezi la mikono akiwa ameketi. Mwenye doa kwenye pingili za shingo asijitwishe ndoo kichwani: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na hakuna zoezi la hospitali linaloweka uzito huo juu ya shingo mbovu.

Kutembea dhidi ya mpira wa kuvuta: ugomvi wa kweli upo hapa

Wengi huchagua kutembea kwa sababu ni bure, na kwa uchovu ni chaguo zuri. Kipimo cha mwendo ni mdomo: uweze kusema sentensi nzima bila kukatika, lakini usiweze kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza hatua. Ukikatika katikati ya neno, punguza.

Kosa la kwanza la waanzao ni kunyoosha njia. Anakwenda dakika kumi moja kwa moja akijisikia vizuri, kisha nguvu ya kurudi haipo na bodaboda hazionekani. Zunguka nyumba, au nenda na kurudi kati ya geti na mwembe, ili kiti kiwe karibu wakati wote. Dakika tano asubuhi, tano mchana ndani ya nyumba, tano jioni; baada ya siku tatu au nne ongeza dakika moja kwa kila kipande. Ukifika kumi kumi, unganisha vipande viwili.

Kwa wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, tembea kabla ya saa 2 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Jua kali na ngozi iliyopigwa mionzi havipatani, na baadhi ya dawa za kemo, fluorourasili mojawapo, huifanya ngozi iungue upesi. Kwa wa Nairobi, Arusha au Iringa tatizo hugeuka: aliyepewa oksaliplatini, dawa ya saratani ya utumbo, akivuta hewa ya baridi huhisi koo linakaba na vidole vinachomwa sindano. Afunike pua na mdomo kwa skafu, au asubiri jua lipande.

Dawa za kemo kama paklitakseli, vinkristini na hiyo oksaliplatini huacha ganzi miguuni. Hapo kandambili ni adui: mguu hausikii kama kiatu kimechomoka, na jeraha la kisigino huonekana jioni likiwa limekwisha kuchafuka. Vaa viatu vya kufunika visivyobana, na ukirudi kagua nyayo kwa macho, au mtu akukagulie.

Kuna kitu kutembea hakifanyi: hakirudishi misuli ya kutosha. Mtu aliyetumia dawa za steroidi kama deksamethasoni au prednisoloni kwa wiki kadhaa huona mapaja yamelegea, hawezi kuinuka chooni bila kushika ukuta, na anaweza kutembea kila siku mwezi mzima bila hilo kubadilika. Mwenye saratani ya tezi dume aliyetolewa korodani au anayechomwa sindano ya kushusha homoni za kiume hupoteza misuli na mifupa kwa pamoja. Kwa hawa wawili tungechagua zoezi la nguvu kwanza na kutembea baadaye, hata kama muda ni wa moja tu.

Zoezi la msingi ni kuinuka kitini, na lifanywe hivi. Tafuta kiti cha mbao kisicho na magurudumu, chenye kimo cha goti, takriban sentimita 45, ukiegemeze ukutani. Kiti cha plastiki huteleza kwenye marumaru, na wengi wameangukia hapo. Kaa nusu ya mbele, miguu upana wa mabega, visigino viwe nyuma kidogo ya magoti. Kunja mikono kifuani. Inama mbele hadi pua ipite vidole vya miguu, kisha simama ukitoa pumzi kwa mdomo. Panda kwa hesabu mbili, shuka kwa hesabu nne. Kule kushuka taratibu ndiko kunakojenga paja. Anayejitupa kitini hapati kitu, na kama mifupa yake ni myepesi huweza kuvunja pingili. Ukishindwa kuinuka, weka mto mgumu kwenye kiti upandishe kimo. Anza mara tano, fika kumi na mbili, pumzika dakika mbili, rudia. Likiwa jepesi, shika chupa za maji.

Chupa ya nusu lita iliyojaa maji ni nusu kilo. Ukijaza mchanga mkavu hukaribia gramu 800. Hatua kati ya hizo mbili inatosha kwa wiki mbili au tatu.

Mpira wa kuvuta wa dukani una rangi zinazoonyesha ugumu. Asiyeupata achukue tyubu ya baiskeli, akate sehemu ya valvu, aoshe ule unga wa ndani, abaki na utepe wa karibu mita mbili. Tyubu nzima ni ngumu mno kwa mtu aliyetoka kwenye upasuaji. Ipasue kwa urefu upate nyepesi mbili. Ikague kwenye mwanga kila mara kwa kuivuta kidogo: ufa mdogo leo ni kibao cha jicho kesho. Ifunge kwenye nondo ya dirisha, si kwenye kitasa cha mlango ambao mtoto anaweza kuufungua, na usiivute kuelekea usoni. Vuta viwiko nyuma kana kwamba unapiga makasia, mara nane hadi kumi na mbili, ukitoa pumzi wakati wa kuvuta.

Kubana pumzi kunastahili neno la ziada. Mwenye mfuko wa haja tumboni anayebana pumzi anasukuma utumbo utokeze pembeni ya tundu, na hernia ya hapo ni shida kuirudisha. Baada ya upasuaji wa tumbo, wiki sita za kwanza ni za kutembea, si za kunyanyua; hata jerikeni ya lita tano anyanyue mwingine. Baadaye anza na chupa moja ukiwa na mkanda wa kushika tumbo kama umeandikiwa.

Zoezi la nguvu ni siku mbili kwa wiki, na kati yake saa 48 za kupumzisha misuli ileile. Anayefanya kila siku kwa pupa huumia wiki ya pili na kuacha wiki ya tatu.

Mkono wa upande uliotolewa titi

Kwa miaka mingi wanawake waliotolewa matezi ya kwapani waliambiwa wasinyanyue chochote kwa mkono ule maisha yao yote, wakiogopeshwa kuwa mkono utavimba. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Kathryn Schmitz na wenzake walichapisha jaribio la wanawake 141 wenye mkono uliokwisha kuvimba: waliofanya zoezi la uzito mara mbili kwa wiki kwa mwaka mmoja hawakuvimba zaidi, na vipindi vya kuzidiwa na uvimbe vilipungua. Walianza na uzito mdogo, wakaongeza kidogo kidogo, wakivaa soksi ya mkono ya kubana. Bado yapo masikio ambayo habari hii haijayafikia, hata ndani ya kliniki.

Mpangilio ni huu. Mrija wa kutoa maji ya kidonda ukiwa bado umo, inua mkono usipite bega. Ukitolewa, panda ukuta kwa vidole: simama ukitazama ukuta, tembeza vidole juu kama buibui hadi uhisi kuvutika, si kuchomwa, weka alama kwa chaki, kesho ipite kwa sentimita moja. Mara kumi, mara tatu kwa siku. Ukihisi kamba nyembamba inayovutika kutoka kwapani hadi kwenye kiwiko, usiogope wala usiikate kwa nguvu. Mtaalamu wa tiba ya viungo (fiziotherapia) huilegeza kwa kunyoosha. Mpira na chupa vianze wiki ya nne hadi ya sita, daktari akiridhika na kidonda. Kila wiki pima mzingo wa mkono kwa futi ya cherehani, sentimita 10 juu ya kiwiko na 10 chini yake, mikono yote miwili. Tofauti ikiongezeka kwa sentimita mbili, rudi kliniki.

Yoga au taichi?

Zote mbili ni za taratibu na kwa mbali hufanana. Zinaachana kwenye mkao: yoga nyingi hufanywa chini, kwenye mkeka, taichi na ndugu yake chigongi hufanywa kwa kusimama, uzito ukihamishwa polepole kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Mwenye magoti yasiyoweza kushuka sakafuni na kuinuka ameshachaguliwa taichi. Mwenye miguu inayotetemeka akisimama dakika tatu ameshachaguliwa yoga ya kulala au ya kitini.

Kwa usingizi tungeanza na yoga. Jaribio la Marekani la mwaka 2013, lenye watu 410 waliomaliza tiba lakini hawalali, liliwapa nusu yao yoga ya upole na ya kupumzisha mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara, kwa wiki nne. Usingizi wao ulitengemaa kuliko wa wenzao. Kwa uchovu ulio katikati ya kemo, mwongozo wa 2024 wa American Society of Clinical Oncology na Society for Integrative Oncology unataja taichi na chigongi pamoja na mazoezi ya kawaida, na yoga wanaiweka zaidi kwa waliomaliza tiba.

Kikwazo cha yoga huku kwetu huwa ni dini. Waislamu na Wakristo wengi husita, na wana haki ya kusita. Kilichopimwa kwenye majaribio ya hospitali ni mikao na pumzi, na vyote hufanyika bila wimbo wa Kihindu wala salamu ya jua. Anayesita aite kunyoosha viungo, atalala vilevile.

Mkao mmoja wa kuanza: tandika mkeka kando ya ukuta, kaa ubavu ukigusa ukuta, geuka ulale chali huku miguu ikipanda ukutani, khanga iliyokunjwa chini ya kichwa na nyingine chini ya kiuno. Vuta pumzi kwa pua hesabu nne, itoe hesabu sita, dakika tano. Mwenye moyo uliodhoofika, mathalani baada ya dawa ya kemo iitwayo doksorubisini, au anayepumua kwa shida akilala, aweke miguu juu ya kiti badala ya ukuta, na asipoona nafuu aketi. Kusimama kwa kichwa, kupinda mgongo hadi mwisho, kujikunja mbele kwa nguvu na yoga ya chumba cha joto viachwe na kila mwenye mifupa dhaifu. Mwenye mfuko tumboni asilale kifudifudi.

Taichi ina shida nyingine: walimu ni wachache nje ya miji mikubwa, na waliopo wengi wamezoea vijana wa kareti. Video husaidia, mradi usikimbilie kujifunza mtindo mzima wa miondoko 24. Chagua mitatu na uirudie dakika kumi. Magoti yalegezwe kidogo, yasivuke vidole vya miguu, ukuta uwe umbali wa mkono. Kwa mwenye ganzi ya nyayo, hapa ndipo usawa wa mwili hurudi; kutembea peke yake hakumfundishi kuhamisha uzito.

Maji ni kwa wachache. Kidonda kilichofunga kabisa, ngozi ya mionzi iliyopona na chembe nyeupe za kutosha vikitimia, kutembea kwenye maji ya kifuani huwafaa wenye viungo vinavyouma na miguu iliyovimba. Mwenye mrija wa dawa unaoning'inia nje ya ngozi asiingie.

Wagonjwa wawili wasiofanana na wengine

Mwenye saratani ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni), ugonjwa uliotapakaa Afrika Mashariki, mara nyingi anakonda kwa sababu chakula hakipiti. Kumwambia atembee nusu saa ni kumchomea akiba iliyobaki. Njia ya chakula itatuliwe kwanza. Hadi hapo, kuinuka kitini mara tano, mara mbili kwa siku, saa moja hivi baada ya uji wenye karanga au maziwa, kunatosha.

Mwanamume aliyetolewa tezi dume anayevuja mkojo anahitaji zoezi lisiloonekana. Kaza misuli kana kwamba unazuia mkojo na upepo kwa wakati mmoja, shikilia sekunde tano, legeza tano, mara kumi, mara tatu kwa siku. Makalio na mapaja yasikaze. Yakikaza, umekosea msuli. Usilifanyie mazoezi ukiwa unakojoa.

Vinavyoambatana: mikono, sindano na majani

Masaji ya upole hupunguza wasiwasi na maumivu. Isifanywe kwa nguvu juu ya mfupa wenye ugonjwa, kwenye ndama iliyovimba ghafla, wala kwa mwenye chembe sahani chache. Akupancha (tiba ya kuchoma sindano nyembamba) ina ushahidi mzuri kwa maumivu ya viungo yanayoletwa na vidonge vya saratani ya titi kama letrozoli na anastrozoli, ila sindano ziwe mpya. Kutafakari kwa utulivu hakuna gharama, na kwa wasiwasi kunashindana na yoga bila aibu.

Majani hayamo kwenye mizani hiyohiyo. Masaji ikikosea leo, kesho unaacha. Vidonge vya manjano, maji ya mshubiri au mwarobaini wa kuchemsha vinapita kwenye ini lilelile linalosafisha kemo. Vidonge vya kitunguu saumu huongeza kuvuja damu kabla ya upasuaji. Kitunguu saumu cha kawaida kwenye mchuzi hakina neno. Chochote kinachonywewa kama dawa kitajwe kwa daktari kwa jina lake.

Wiki moja ya mzunguko wa kemo haifanani na nyingine

Kwa mzunguko wa siku 21, siku tano za kwanza ni za kichefuchefu: punguza kila kitu nusu, usikiache. Kati ya siku ya 7 na ya 14 damu huwa chini kabisa, hivyo kutembea nyumbani, yoga na kiti vinatosha, mpira usubiri. Kuanzia siku ya 15 ndiyo nafasi ya kuongeza dakika na marudio. Wengi hufanya kinyume: hujisikia wazima wiki ya tatu wakapumzika kujiandaa na dripu ijayo, kisha dripu huwakuta wakiwa dhaifu kuliko mzunguko uliopita.

Andika kwenye daftari namba moja kila jioni: uchovu kati ya 0 na 10. Zoezi la leo likikuacha kesho asubuhi juu kwa alama mbili kuliko kawaida yako, kata theluthi moja na ushikilie hapo siku tatu. Likikuacha palepale au chini, ongeza dakika moja.